Namba ya Siri ya Mwalimu Ladislaus

Mashine ilifika Jumanne asubuhi, ndani ya boksi jeupe dogo kuliko boksi la viatu, na aliyeileta alikuwa Joyness wa benki. Milembe alisogeza mzani wa watoto na kopo la vijiko vya dawa ili kuipa nafasi kwenye kaunta, kisha akasimama mikono kiunoni, akiitazama kama mtu anayetazama mgeni ambaye bado hajajua atakaa siku ngapi.

Alikuwa ameiomba mwenyewe. Milembe alifanya kazi ya uuguzi miaka kumi na minne kabla ya kuacha na kufungua duka la dawa pale Malambo, Bariadi mjini, na wateja wake wengi walikuwa watumishi: walimu, watu wa halmashauri, wauguzi wenzake wa zamani. Mwezi Machi mama mmoja aliyehamishiwa kutoka Tanga aliingia na mtoto mwenye homa kali mgongoni. Kadi ya benki anayo, pesa mkononi hana, na mtandao wa simu siku hiyo umegoma. Milembe alimwambia achukue tu dawa aende, lakini yule mama, kwa haya ya ugeni, alikataa, akakimbilia ATM, akakuta foleni, na aliporudi baada ya saa nzima mtoto alikuwa ameanza kutetemeka. Wiki ileile Milembe alikwenda benki kujaza fomu ya kuomba mashine ya kulipia kwa kadi.

"Kwanza tusome namba ya nyuma," alisema Joyness. Aliigeuza mashine, akasoma tarakimu zilizoandikwa kwenye kikaratasi cha rangi ya fedha, Milembe akizifuatisha kwenye fomu kwa kidole. Zilifanana. "Vizuri. Sasa akija mtu, hata awe amevaa fulana ya benki, akakwambia katumwa kuirekebisha, usimpe. Nipigie mimi kwanza. Na usijaribu kuifungua. Ukigusa hata skrubu moja inajifuta yenyewe, inabaki kipande cha plastiki."

"Ina wivu," alisema Milembe.

"Wivu ndiyo kazi yake."

Waliweka laini, wakaweka karatasi za risiti, wakabadili nywila iliyotoka nayo kiwandani. Joyness aligeukia mlango Milembe alipokuwa akiandika yake mpya. Kisha mashine ikakaa inatafuta mtandao, inatafuta, haioni. Wakaitembeza dukani kama watu wanaopeleka taa gizani: kwenye kaunta hapana, kwenye rafu za sabuni hapana, mpaka karibu na dirisha, kando ya friji ya insulini, ikalia mlio mmoja mfupi na kukubali. Basi makao yake yakawa hapo.

Kuijaribu, Milembe alijitoza mwenyewe shilingi elfu moja. Kioo kikaleta tarakimu za kuandikia namba ya siri, naye akashangaa. "Mbona tisa iko juu na moja iko katikati?"

"Zinahama kila mara," alisema Joyness kwa fahari, kama aliyeibuni mwenyewe. "Mtu akikuvizia mkono, hawezi kukariri mwendo wa kidole chako. Na wewe mteja akiwa anaandika, unageuza uso."

"Nigeuze uso? Huku kwetu ukimgeuzia uso mtu mzima umemtukana."

"Basi tazama dawa zako."

Wakacheka. Lakini wiki zilizofuata Milembe aliliona jambo lile kwa namna nyingine. Kila mteja alipoishika mashine, yeye alihamisha macho kwenye rafu ya dawa za kikohozi na kusoma majina aliyoyajua kwa moyo. Miaka yote ya uuguzi alilipwa kwa kujua mambo ya watu. Nani ana ugonjwa gani, nani mimba si ya mumewe, nani ameacha kumeza vidonge. Alijua mengi asiyoyataka na aliyabeba mengi akiwa kimya. Sasa kwa mara ya kwanza kazi ilimtaka asijue kitu, na alijikuta anaipenda dakika ile ndogo ya kutazama chupa.

Mwalimu Ladislaus alikuja mwishoni mwa mwezi, kama kawaida yake.

Alikuwa mtu wa Karagwe aliyepangiwa Usukumani akiwa kijana na asirudi kwao tena isipokuwa kwa misiba. Alifundisha hesabu shule ya msingi Nkoma, na mmoja wa watoto aliowafundisha darasa la tano alikuwa Milembe. Mkewe alifariki. Kisha macho nayo yakaanza kufa polepole kwa presha ya macho, kuanzia pembeni kwenda katikati, kama mtu anayefunga pazia, na sasa ulikuwa mwaka wa sita haoni chochote zaidi ya mwanga wa mlangoni. Dawa ya matone haikumrudishia kitu, ilimpunguzia maumivu tu.

Kijana wa bodaboda alimfikisha kwenye ngazi akamwacha hapo, Mwalimu akapanda mwenyewe.

"Mwangaluka, Mwalimu," Milembe alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Milembe. Nasikia umeleta mashine." Alitoa kadi kwenye mfuko wa shati, imefungwa ndani ya nailoni. "Basi leo ninalipa kisasa. Namba yangu ni—"

Akaitaja yote. Aliitaja kwa ile sauti yake ya darasani, sauti iliyokuwa ikifika hadi dawati la mwisho, tarakimu moja moja. Kwenye benchi walikaa wateja wawili. Mlangoni bodaboda alikuwa hajaondoka.

"Mwalimu! Namba haitajwi!"

"Sasa itaingiaje? Macho ya kuitafuta sina." Hakuona aibu hata kidogo. "Mwanangu, namba hii wameshaijua wengi. Mmoja zaidi ataipunguza nini?"

Milembe alizitafuta zile tarakimu zilizotawanyika kwenye kioo, akaziandika kwa niaba yake, na risiti ikatoka. Kabla ya kuondoka Mwalimu aliomba kuishika mashine. Akaipapasa kwa vidole vyote kumi, juu, pembeni, chini, akarudi juu.

"Laini kama sahani," alisema. "Hapa hapana cha kusoma." Akamrudishia. "Haya, endeleeni na maendeleo yenu."

Alisema bila kinyongo. Hilo ndilo lililomkaa Milembe akilini mchana kutwa.

Mwezi uliofuata Mwalimu alikuja siku tano kabla ya siku yake. Alisubiri hadi duka likawa tupu, ndipo akatoa simu yake ndogo ya vitufe.

"Nisomee meseji za benki. Taratibu. Na uwe wewe tu."

Milembe alifunga nusu ya mlango. Meseji zilikuwa nyingi, lakini tatu zilifanana: fedha zimetolewa ATM, mara tatu ndani ya siku tisa. Alizisoma kwa sauti ya chini, tarehe na kiasi. Jumla ilikuwa laki mbili na elfu sitini.

"Soma tena ya pili."

Akasoma.

"Mimi mwezi huu sijakwenda ATM," alisema Mwalimu. Akanyoosha kiganja, akaanza kukunja vidole. "Wanaoijua namba yangu, wale ninaowajua mimi. Mwanangu Method, yuko Geita. Nyanjige, mke wake, ninayekaa naye. Huyu wa bodaboda. Yule mlinzi wa benki aliyehamishwa." Kidole gumba kilibaki kimesimama peke yake.

"Na mimi," alisema Milembe.

"Na wewe." Akakikunja, polepole, bila kumwonea. Alikuwa anahesabu tu, kama alivyohesabu maisha yake yote. Hata hivyo Milembe alihisi uso unawaka. Hakuwa amechukua hata senti, lakini akaelewa kwamba kutochukua si kitu unachoweza kukitoa mfukoni ukakionyesha. Alikuwa ndani ya kile kiganja pamoja na wengine, na hakuna ambaye angeweza kumtoa.

"Lakini kadi haina miguu," aliendelea Mwalimu. "Kadi ilikuwa ndani ya shati, na shati lilikuwa msumarini, chumbani."

Milembe alijisikia nafuu, na papo hapo akaionea aibu nafuu yake. "Kwa hiyo unamjua."

"Ninajua shati lilikuwa wapi. Nikitaja jina, kesho chakula ananipakulia nani?"

Nje gari la matangazo lilipita likitangaza mnada wa ng'ombe. Likapotea upande wa Somanda.

"Mwalimu," alisema Milembe, "jina huna haja ya kulitaja. Twende tubadili namba."

Alifunga duka saa nne ya asubuhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba wa mama yake. Joyness aliwapokea benki, akasikiliza, akawapeleka kwenye ATM ya ukutani. Alimwekea Mwalimu kadi mashineni na kumsomea maneno ya kwenye kioo. "Sasa inataka namba ya zamani. Ukimaliza bonyeza kitufe cha kijani, cha chini kulia, kina duara unaloweza kuligusa." Kisha yeye na Milembe wakarudi nyuma hatua nne na kutazama barabara.

Walimsikia akipapasa. Wakamsikia akinyamaza. Halafu akaita, kama mtu aliyekanyaga sarafu: "Kina kitone! Hapa katikati kina kitone!"

"Hiyo ni tano, Mwalimu," Joyness alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, ndiyo, tano. Basi juu yake mbili. Chini yake nane. Kushoto nne." Alikuwa anajisomea ubao. "Miaka yote hii mnanishika mkono mnaniambia toa namba, mbona hakuna aliyeniambia kina kitone?"

Joyness alikijua na hakuwahi kufikiria kumtajia mtu; Milembe hakuwahi kukiona. Wenye macho hawakuwa na haja nacho.

Ilimchukua muda mrefu. Watu wawili walikuja kupanga foleni, Joyness akawaomba wasimame mbali. Mwalimu alipogeuka kadi ikiwa mkononi, hakutabasamu, alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Tangu nipofuke," alisema, "hii ndiyo siri yangu ya kwanza."

Milembe alimsindikiza hadi kwenye pikipiki, kisha akarudi ndani kumtafuta Joyness.

"Ninataka mashine yenye vitufe."

"Dada Milembe, zile ni za zamani, tunazikusanya. Nzito, hazina kioo cha maana. Hii yako ndiyo kila mtu anaitaka."

"Za zamani zinapokea kadi?"

"Zinapokea."

"Namba ya siri inakuwa salama?"

"Iko salama. Lakini hii mpya ni salama zaidi, si nilikuonyesha namba zinavyohama?"

"Salama kwa nani?" Milembe hakupandisha sauti. "Mwalimu akija kwangu, kwa sababu namba zinahama, lazima aniambie mimi. Na waliokaa kwenye benchi wanasikia. Kwake hiyo mashine yenu ni kipaza sauti."

Joyness alikaa akichezea kalamu. Alikuwa msichana mwenye kuipenda kazi yake, na ilionekana inamuuma kuona kasoro kwenye kitu alichokisifia. "Nimesikia kuna namna ya kuiwasha iwasaidie wasioona," alisema hatimaye. "Huku kwetu bado haijawashwa. Acha niandike barua, nikuombee ya vitufe. Itapita ofisi ya kanda Shinyanga, usinitegemee wiki hii."

Ilikuwa bado wiki hiyohiyo Nyanjige alipokuja dukani. Jumamosi, jua la saa sita. Alisimama kando ya mlango mpaka mteja wa mwisho akatoka, kitenge kimefungwa vizuri, viatu vina vumbi la kutembea.

"Dada Milembe," alisema, "nimekukosea nini?"

"Karibu ukae, mayu," alisema Milembe, akimwita mama kwa heshima ya Kisukuma.

"Sikai. Baba amebadili namba. Nimemuuliza, akasema ni wewe uliyempeleka."

"Ni mimi."

Nyanjige alitikisa kichwa, kama aliyetarajia kukataliwa na sasa hajui afanye nini na ukweli. "Mimi ndiye ninayemtengea maji ya kuoga. Ninampikia, ninamfulia, akiugua usiku ni mimi. Method anatuma hela akikumbuka, na kukumbuka kwenyewe unakujua. Hela nilitoa, sikatai. Nilinunua godoro, lake lililowa masika yote, alikuwa analalia maji na hasemi. Nilinunua unga. Nyingine nikalipia mtihani wa mjukuu wake. Umeniona na gauni jipya?"

"Sijakuona."

"Basi."

Milembe alikuwa na maneno tayari, maneno aliyoyapanga tangu siku ile ya meseji, lakini alipoyatafuta hakuyakuta. Aliyempangia maneno hayo hakuwa huyu. "Ungemwambia," alisema.

"Ningemwambia angesema sawa. Kila kitu anasema sawa. Unajua inavyochosha kuomba kwa mtu ambaye hawezi kukataa? Unajiona mwizi hata kabla ya kuchukua. Mara ya kwanza niliona heri nitoe tu kimya."

"Akisema sawa, amekupa. Usipomwambia, umechukua. Godoro ni lilelile, Nyanjige, lakini—"

"Hayo ni maneno ya watu wenye duka," alisema Nyanjige, na akaondoka bila kuaga.

Siku kadhaa Milembe aliyarudia mazungumzo yale akipanga dawa. Alikuwa amekwenda kulinda siri ya mtu mmoja, akakanyaga jasho la mwingine. Na bado, kila alipojaribu kujishawishi kwamba alikosea, aliiona sura ya Mwalimu pale kwenye ATM, ikisikiliza. Hakujua aipime vipi ile sura na godoro lililolowa. Katika uuguzi walifundishwa kwamba mgonjwa mwenye akili timamu anaulizwa kabla ya kuguswa, hata na anayempenda. Lakini hawakufundishwa nani anamuuliza mlezi.

Mashine ya vitufe ilikuja siku ya kumi na mbili. Kweli ilikuwa nzito, imekwaruzika ubavuni, na kitufe cha sita kilikuwa kimefifia. Joyness alirudia yote upya: namba ya nyuma, fomu, laini, nywila. Akaikagua kila kona kama hakuna mahali palipofunguliwa, akaifunga ile ya kioo kwenye boksi lake na kuondoka nayo. Milembe alipobaki peke yake alifumba macho na kupitisha kidole. Kitone kilikuwa pale, kidogo kama punje ya mtama.

Mwalimu alikuja siku mbili baadaye, na safari hii alikuja kwa miguu, pamoja na Nyanjige. Nyanjige alilelewa Bukundi katika nyumba ambamo mkwe hamshiki mkwe mkono, kwa hiyo walitembea na fimbo katikati yao, yeye kaushika mwisho mmoja mbele, Mwalimu kaushika mwisho mwingine nyuma. Alimwongoza hivyo kupita mitaro na pikipiki bila kumgongesha popote. Walipofika aliitikia salamu ya Milembe kwa neno moja, akaketi ncha ya benchi.

Milembe aliingiza bei ya matone, akachomeka kadi, akaiweka mashine kwenye viganja vya Mwalimu. Kisha akazitazama dawa za kikohozi.

Mlio mrefu. Namba si sahihi.

"Vitufe vidogo," alisema Mwalimu. "Vya ATM ni vinene." Akajaribu tena. Mlio ukawa uleule.

"Mwalimu, subiri," alisema Milembe. "Ikikataa mara ya tatu kadi inafungwa. Itabidi uende benki upya."

Nyanjige aliinuka nusu. "Baba, acha. Lipa taslimu, tutarudi siku nyingine."

Mwalimu aliikumbatia mashine kifuani. Jasho lilimtoka kwenye paji. Milembe akaogopa kwamba amemletea mzee wa watu aibu mpya badala ya kumwondolea ya zamani.

"Inaweza kuzimwa?" aliuliza Mwalimu.

"Inaweza."

"Izime. Unipe nikae nayo."

Akaketi nayo kwenye benchi. Milembe alirudi kuhudumia: mtu wa dawa ya minyoo, mama wa panadoli, kijana wa plasta. Pale kwenye benchi Mwalimu alikuwa anarudia, kidole cha kati kwenye kitone, kisha juu, kisha pembeni, kurudi kwenye kitone, midomo ikienda bila sauti. Alikuwa ndiye mwalimu na ndiye mwanafunzi. Baada ya muda alisema, bila kuacha kubonyeza, "Nyanjige."

"Baba."

"Godoro ni zuri."

Nyanjige aliangalia chini. Milembe alikuwa anahesabu vidonge, akapoteza hesabu.

"Usiku ule wa kwanza nilijua ni jipya. Nikangoja uniambie limetoka wapi."

"Niliogopa, baba."

"Uliniogopa mimi? Mimi ninayesema sawa kila siku?"

"Ndiyo hiyo 'sawa' yako niliyoiogopa."

Mwalimu aliacha kubonyeza. Alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba mteja mmoja aliingia, akanunua, akatoka. "Nilidhani ninakupunguzia mzigo," alisema. "Nilidhani mtu asiyeona hana haki ya kukataa kitu. Basi tufanye hivi. Pensheni ikiingia tutakwenda wote wawili. Nitatoa mimi. Utaniambia nyumba inataka nini, na mimi nitauliza kama ninavyouliza mtu yeyote, na siku nyingine nitasema hapana. Utakasirika?"

"Nitakasirika," alisema Nyanjige.

"Vizuri."

Akaomba mashine iwashwe. Milembe aliingiza bei upya na kumpa. Hapo Nyanjige akafanya kitu ambacho hakuna aliyemwambia akifanye: alisimama, akatembea hadi mlangoni, akageukia barabarani na kukunja mikono. Milembe akatazama rafu.

Vitufe vinne, taratibu. Kisha kimya. Kisha kile cha kijani.

Mashine haikulia. Ilikaa tu, kana kwamba nayo inafikiri. Halafu karatasi ikaanza kutoka, ikikwaruza.

"Imekubali?" aliuliza Mwalimu.

"Imekubali."

"Isome kwa sauti."

Milembe akaisoma, jina la duka, tarehe, bei ya matone, neno la shukrani chini. Mwalimu aliisikiliza hadi mwisho kama barua iliyotoka mbali. Akaikunja mara mbili na kuiweka mfukoni, ingawa hangeisoma kamwe. Nyanjige akauinua mwisho wake wa fimbo, wakashuka ngazi.

Si kila kitu kilikaa sawa. Miezi ile iliyofuata wateja wengine walilalamika kwamba mashine ya Milembe ni ya kizamani, na mhasibu mmoja wa halmashauri alimuuliza kwa utani kama aliinunua mnadani. Mara moja Mwalimu alikosea mara tatu, kadi ikafungwa, wakarudi kwa Joyness. Watu wawili wengine wasioona vizuri, mmoja ametoka Kiloleli, walisikia habari wakaja kupapasa kitone. Na Nyanjige aliendelea kumsalimia Milembe kwa neno moja.

Hadi mwezi wa Agosti. Alikuja peke yake asubuhi, akanunua dawa ya mafua ya mtoto, akalipa kwa noti. Hakuondoka. Aliitazama mashine kando ya dirisha.

"Ninaweza kuishika?"

Milembe akampa. Nyanjige alifumba macho, akayakaza kama mtoto anayesubiri wenzake wajifiche, na kuanza kutafuta kwa kidole cha shahada. Akapita juu ya kitone bila kukijua, akarudi, akapita tena. Alijaribu kubonyeza tarakimu nne alizozichagua mwenyewe kichwani. Alipofungua macho kuangalia kidole kiliposimama, kilikuwa mbali na alikodhani.

"Na yeye huwa anakaa nyumbani anafanya mazoezi kwenye kiberiti," alisema. "Amebandika punje ya mchele katikati. Nilikuwa ninamcheka."

Akaiweka mashine mahali pake, polepole, kwa mikono miwili.

"Kesho kutwa tunakuja," alisema. "Matone yamekwisha."

"Nitawawekea," alisema Milembe.

Nyanjige alichukua dawa yake, akaaga, akashuka ngazi.